Udongo wa Mara ya Pili

Simu ilipoita, Hilda alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi mmoja wa mjini Moshi, akifunga vitambaa vya sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa watu anayekwenda kuolewa. Aliyepiga alikuwa mkulima jirani wa mumewe, Sifael, kule Chekereni. Alisema Sifael ameanguka shambani, kwenye tuta la mpunga, wamemkimbiza hospitali, na shemeji afanye hima aje. Hakusema zaidi. Lakini Hilda alikuwa amepamba misiba ya watu kwa miaka mingi, na sauti ya mtu anayebeba kifo mdomoni bila kukitema aliijua vizuri.

Alishuka ngazi. Halafu akapanda tena, kwa kuwa fundo la upande wa kulia lilikuwa limelegea. Akalikaza, akashuka, akarudi nyuma kulitazama jukwaa lote, akalipiga picha kama alivyozoea kufanya kazi ikiisha, akaiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Ndipo akatoka kutafuta bajaji. Sifael alikuwa amekwisha kufa hata kabla simu haijapigwa. Ni presha, daktari alisema. Kwa hiyo kuchelewa kwake hakukubadili kitu. Hilda alijiambia hivyo mara nyingi baadaye, na ilikuwa kweli.

Mjini walimwita Hilda Mapambo. Alianza na madhabahu ya usharika wao wa Rau, enzi za ujana, akipanga majani na maua ya bustanini kwake Jumamosi jioni kanisa likiwa tupu. Wakati huo hakuwa na fikra ya nani ataona. Kisha Pasaka moja mchungaji wa wakati ule akamsimamisha katikati ya ibada, watu wakampigia makofi, na Hilda akarudi kwenye benchi lake akiwa na kitu kifuani, kitamu kama muwa. Hakukitua tena. Zikaja harusi, zikaja sendofu, ikaja misiba. Katika kila shughuli alikuwapo, kilemba chake kimekaa vizuri kuliko cha wenye shughuli.

Kosa la kumshika nalo halikuwapo. Hakumdhulumu mtu, hakukosa ibada, alifika kwenye msiba wa maskini kama alivyofika kwa mwenye nacho. Akiombwa kusali mbele za watu, wengine walifuta machozi. Ila alikuwa na mazoea ya kujisikiliza. Alisali huku sikio moja likiwa kwa watu, alicheka huku akijua anavyoonekana akicheka, na siku ikipita bila mtu kumsifia alikwenda kulala kama aliyenyimwa chakula. Sifael hakuwa wa mambo hayo. Alikuwa mtu wa mpunga na maji, akirudi Rau jioni na matope magotini, akiuliza kama mke wake amekula. Kwenye picha alitoka vibaya, amefumba macho au ameangalia pembeni, na taratibu Hilda aliacha kumwita apigwe picha.

Siku ya pili ya msiba, Elisifa, mdogo wake marehemu, alishuka kutoka nyumbani kwao Old Moshi, mlimani, ambako marehemu angezikwa. Alikuta sebule ya Rau imejaa kina mama na Hilda katikati yao na sampuli za vitambaa mapajani, nyeupe na rangi ya kahawa.

"Shemeji, pole sana," Elisifa alisema. "Nimetumwa na Mama. Ana neno moja tu. Anaomba jeneza liingie ndani kwake kidogo kabla ya ibada. Macho yake hayaoni tena. Anataka amshike mwanawe uso, wakiwa wawili tu."

"Jeneza haliingii kwa Mama, shemeji. Mlango mwembamba."

"Mlango tunaweza kuung'oa."

"Kila kitu nimekipanga kwenye turubai," Hilda alisema kwa upole, upole wake ule uliokwisha kumaliza mabishano mengi mjini. "Mama tutamweka kiti cha mbele kabisa. Atamuaga palepale."

Elisifa alitazama vitambaa, akatazama mikono yake mwenyewe. Nani angebishana na Hilda juu ya msiba? Nusu ya watu waliokaa pale alikuwa amewasaidia kuwazika wazazi wao.

Siku zile kina mama walikuja wakilia, naye akawafariji. Aliwaonyesha mahali pa kukaa, akahakikisha chai inatosha, akaenda mochwari mwenyewe kumnyoosha Sifael tai. Watu waliambiana kuwa Hilda ana nguvu za Mungu, na akiwasikia mgongo wake ulinyooka. Ndani hamkuwa na kitu. Ilikuwa ganzi, kama fizi baada ya sindano ya meno: unajua pale pana jino, unalitafuta kwa ulimi, hulikuti. Alifikiri litaamka akifika mlimani. Hakuwa na hofu bado.

Siku ya mazishi palikuwa na manyunyu. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo, kati ya migomba na mibuni, maturubai yalisimama meupe, na shingo za viti vyote zimefungwa utepe wa rangi ya kahawa. Primus, mpiga picha wake wa siku zote, mwanamume wa Kibosho mwenye watoto wakubwa, alirusha droni juu ya migomba, na wazee wakaifuata kwa macho. Watu waliaga kwa mstari. Bibi Magdalena, mama yake marehemu, naye akapitishwa, ameshikwa mkono na mjukuu wake Evelyn, binti pekee wa Hilda. Ibada ikaenda, kwaya ikaimba, wasifu ukasomwa. Kisha wakafika kaburini.

Mchungaji Eliona, aliyepanda nao kutoka Rau, alisema maneno ya mavumbi na ufufuo, akamwita mjane. Hilda akainama, akachota udongo, akautupa juu ya jeneza. Alipoinua macho alimwona Primus akitikisa kichwa na kuonyesha mwavuli wa mzee mmoja uliopita mbele ya kamera. Ilikuwa ishara yao ya kazi, waliitumia miaka yote.

Hilda akamgeukia mchungaji. "Samahani, Mchungaji. Naomba nirudie."

Mchungaji akasogea. Mwenye mwavuli akaufunga. Hilda akachota udongo tena, akasubiri mpaka Primus aliponyanyua kidole gumba, akautupa polepole, vidole vikifunguka kimoja kimoja, uso ameuelekeza kidogo penye mwanga.

Hakuna aliyekohoa. Katika kimya hicho Bibi Magdalena aliuliza kwa Kichagga, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeona nani yuko karibu, "Kwani amesahau nini?"

Evelyn alimweka bibi yake khanga begani, akageuka kutazama migomba.

Msiba ule ulisimuliwa. Watu walimtumia Hilda picha zake mwenyewe, wakamwandikia kwamba hawajaona mazishi ya heshima kama yale, wengine wakamwomba siku zao zikifika awazike yeye. Alisoma kila ujumbe. Zamani sifa zilimshibisha wiki nzima. Sasa zilipita kama maji kwenye chekeche. Alirudi kusoma tena, kwa kudhani labda alisoma haraka.

Asubuhi ya kurudi kazini kwake Dodoma, ambako alikuwa nesi, Evelyn alisimama jikoni akiosha vikombe. Aliongea bila kugeuka.

"Mama, ulimtupia Baba udongo mara mbili."

"Primus alizibwa na mwavuli."

"Najua. Niliona."

Hilda alichukua kitambaa akaanza kufuta vikombe vilivyooshwa. "Umekasirika."

"Sijui kama nimekasirika. Siku ile nilienda kulia kwenye banda la ng'ombe la Bibi. Pale nje niliona kama nitaharibu picha." Akafunga bomba. "Wewe ulilia wapi, Mama?"

"Nitalia tu," Hilda alisema. "Kila mtu ana wakati wake."

Evelyn alimkumbatia, akabeba begi lake, akaondoka. Hilda alibaki na kikombe mkononi, akishangaa kwamba kukumbatiwa na mwanawe kumekuwa kama kuvalishwa koti na fundi cherehani.

Mvua za vuli zilipokatika, Primus alileta video iliyokamilika. Hilda aliifungua mchana, sebuleni, mapazia ameyafunga ili kioo kionekane vizuri. Mwanzoni aliitazama kama mtu wa kazi. Viti vimekaa sawa. Utepe ulishika rangi. Halafu akaanza kumwona mwanamke mmoja. Kila kamera ilipogeuka, uso wa mwanamke yule ulikuwa umekwisha kufika, umetulia, unasubiri. Wengine walikamatwa wakiwa wamekunja sura, wakipenga kamasi, wakitazama chini. Yeye hakukamatwa hata mara moja.

Ikafika sehemu ya kuaga. Bibi Magdalena alisimama kando ya jeneza, mkono wake mkavu ukashuka ndani, vidole vikipapasa kutafuta. Mkono mwingine ukaja, wenye pete ya Hilda, ukaushika ule wa kizee kwenye kifundo, kwa upole kabisa, ukautoa nje. Kisha ukainyoosha satini ya jeneza pale vidole vilipokuwa vimegusa. Mwanamke akainua uso kwenye kamera.

Hilda alisimamisha picha. Hakukumbuka kufanya vile. Akairudisha nyuma, akaona tena. Akajitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta funguo, apate uchungu, apate hata aibu. Alijua ni jambo baya. Alilijua kama anavyojua kwamba Arusha iko magharibi. Hapo ndipo alipoogopa, na hata hofu yenyewe ilikuwa ndogo, mbali, kama redio ya jirani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda usharikani. Mchungaji Eliona alimkaribisha ofisini, akamvutia kiti.

"Sijalia, Mchungaji," Hilda alisema. "Nimefunga, nimeomba, sijalia. Nimekaa kama gogo. Watu wanasema ni imani. Siyo imani."

"Ni nini, basi?"

Akamweleza juu ya mkono ule. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anayesoma taarifa ya kikundi. Mchungaji alisikiliza huku akikunja na kukunjua mikono ya miwani yake.

"Mama Evelyn, siku ile uliposema urudie, mimi nilisogea. Hukuniomba nisogee. Nilisogea ili nisikuzibe, na nikakishika kitabu vizuri. Kwa hiyo siongei kama mtu msafi." Akaweka miwani mezani. "Tukihubiri habari za sanamu, watu wanawaza matambiko ya mababu, wanawaza miti ya kuchonga. Wanakwenda nyumbani na amani. Lakini angalia sanamu inavyofanyiwa. Inavalishwa, inapambwa, inawekwa mbele, watu wanaizunguka wanaitazama. Nayo haisikii lolote. Mtu akiitumikia siku nyingi anaanza kufanana nayo."

"Mimi sina sanamu, Mchungaji."

"Siku ile kule kihambani, nani alikuwa anatumikiwa? Mungu hakuwa. Sifael sidhani."

Nje mtu alikuwa anafagia majani. Hilda alisikiliza ufagio ule ukienda na kurudi.

"Mimi," alisema. Neno lilitoka kavu, halina ladha, kama kaki, mkate mwembamba wa ushirika. Alitazamia kwamba akilisema litapasua kitu. Halikupasua. "Sasa nifanye nini, na hata kutubu sisikii?"

"Hukuamriwa kusikia. Umeamriwa usiweke mungu mwingine mahali pake. Hilo mtu analiweza hata akiwa na ganzi. Anaacha, basi. Kesho anaacha tena." Alifikiri kidogo. "Na nenda kwa Mama yako mkwe. Yule hawezi kuona unavyoonekana."

Alisali sala fupi, wakaagana.

Bodaboda ilimshusha Hilda kwenye njia panda, akaingia kwa miguu kwenye kijia cha kati ya vihamba. Kwa Wachagga, mkosaji akija na jani la sale mkononi hafukuzwi, na masale yalikuwa yamejaa kwenye ua wa mpaka. Akachuma moja. Lilikuwa na doa. Akachuma jingine, akaona limepinda, akalitupa. La tatu lilikuwa zuri. Akalifuta umande kwa kitenge, akalifunga fundo kama linavyofungwa, kisha akalifungua na kulifunga upya ili ncha zilingane. Katikati ya kazi hiyo aliuona mkono wake ukipamba tena. Akasimama nao pale kwenye ua. Halafu akaliachia jani likaanguka, akaenda mikono mitupu.

Bibi Magdalena alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, akimenya ndizi mbichi kwa kupapasa, sufuria miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni Mama Evelyn? Umekuja na watu?"

"Nimekuja peke yangu."

"Kuna kigoda hapo. Kaa."

Hilda akakaa. Njiani alikuwa ametunga maneno, na yalikuwa mazuri, kwa hiyo akayaacha. "Mama, siku ya mazishi ulitaka kumshika Sifael uso. Kuna mtu alikutoa mkono."

Kisu kikasimama. "Alinitoa. Nilidhani ni mtu wa kamati."

"Ni mimi."

Ng'ombe alijikuna ubavu kwenye nguzo ya banda. Bibi Magdalena hakugeuza uso. "Kwa nini?"

Sababu zilikuwapo. Foleni ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa inaanza. "Kitambaa kilikuwa kinakunjamana," Hilda alisema.

"Kitambaa."

"Ndiyo, Mama. Na nilikataa jeneza liingie kwako. Nilitaka pawe pazuri, na watu waone ni mimi niliyepafanya pazuri. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe," bibi alisema. "Bwana ameamuru, na mimi sina nguvu za kubeba tena. Lakini usiniharakishe. Mkono huu bado unamtafuta." Akaunyoosha kidogo, vidole vyeusi kwa utomvu, akaurudisha mapajani. "Niambie basi wewe uliyekuwa na macho. Alikuwaje usoni? Alikuwa ametulia?"

Hilda alifungua mdomo. Aliiona satini, ukunjo hadi ukunjo. Aliliona fundo la tai, aliyaona maua meupe na mahali ambapo moja lilikuwa limeanza kunyauka. Penye uso wa Sifael palikuwa na nafasi tu.

"Sikumtazama, Mama," alisema.

Aliyelia alikuwa Bibi Magdalena. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika kidogo, akijifuta kwa kigasha cha mkono kwa sababu viganja vilikuwa na utomvu. Hilda alikaa. Alijua namna ya kumfariji mfiwa, alikuwa ameifanya mamia ya mara, mkono begani na kichwa upande. Hakuifanya. Alisogeza kigoda karibu, akakiokota kisu, akaendelea kumenya. Ndizi zilipokwisha akawasha moto, wakala mtori wa ndizi hizo, wakalala.

Alikaa kule mpaka wiki ikaisha. Alikata majani ya ng'ombe, alichota maji, alimpeleka bibi kaburini na kumshikisha shada lililokauka. Mikono yake ikawa myeusi na vidole vikapasuka. Asubuhi alijaribu kusali kando ya kitanda. Maneno yalikuja yamejipanga, yana mwendo mzuri, akayasikia, akanyamaza. Siku moja alisema tu, "Mungu, humu hamna kitu," akasimama akaenda kukamua. Hakujua kama sala ile ilifika popote. Alichojua ni kwamba hakuwa amempangia mtu aisikie.

Alirudi mjini, akarudi kazini, maana watu wanaendelea kuoana na kufa. Alimwambia Primus asimpige picha tena, na Primus akasema sawa bila kuuliza. Ukurasa wake alimwachia msaidizi wake Beatrice. Mara mbili tatu vidole vilimwasha, akaufungua kimyakimya kutazama nani ameandika nini, akaufunga. Kesho akaacha tena. Alimpigia Evelyn akamweleza habari za mkono na satini, na Evelyn akasema, "Asante kwa kuniambia, Mama." Hayo tu. Siku iliyofuata alipiga yeye.

Kila Jumamosi Hilda alipanda Old Moshi. Machozi hayakuja Krismasi, hayakuja Kwaresima. Mchungaji hakuwa amemwahidi kwamba yatakuja.

Jumamosi moja walikuwa barazani wakichambua maharage, ungo kati yao. Bibi Magdalena alikuwa anakumbuka mambo ya zamani, na safari hii alianza kisa cha Sifael akiwa mtoto wa darasa la pili, alivyovua sweta la shule akaziba nalo mfereji wa ukoo ili maji yaende kwenye mche wake mmoja wa mharage. Majirani wa chini walikosa maji, wakapanda na majembe, wamekasirika, wakimtafuta aliyeziba. Hilda alikuwa amekisikia kisa hicho, si kwa bibi, kwa Sifael mwenyewe, miaka ile walipokuwa bado wanaongea usiku. Alijua mwisho wake. Watu wengi walikuwa wamecheka kwenye shughuli kwa namna yeye Hilda alivyokisimulia.

Bibi alikatiza kisa akapapasa jiwe dogo kati ya maharage.

"Halafu?" Hilda aliuliza. "Wale majirani walipofika akafanyaje?"

"Subiri," bibi alisema, akalitupa jiwe uani. "Nitakuambia. Kwanza alijificha."